Shimo Nyuma ya Migomba

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Mama Sidonie Nzabandora anastaafu tarehe 30 mwezi huu katika ofisi yetu ndogo ya usafi hapa Mushaki. Mimi, Callixte Hakorimana, mkuu wake wa kazi, nimeombwa niandike habari zake kwa ajili ya jarida letu. Wangeweza kumwomba mtu mwingine, maana wote wanajua kwamba namwonea wivu.

Alizaliwa Ngungu, akaanza kwetu kama mfagiaji wa soko. Nami niliingia mwaka uleule, nikiwa na diploma na kalamu tatu mfukoni. Leo akipita sokoni, wauza viazi wanaacha wateja ili wamsalimie. Mimi wananiuliza Mama Sidonie yuko wapi. Mwaka fulani walikuja wageni kutoka Goma kupiga picha za kazi yetu. Nilivaa koti, nikasimama katikati. Picha ilipochapishwa, lilibaki bega langu tu, kando ya kicheko chake.

Jambo lililompa jina lilitokea miaka sita iliyopita. Watu wa mtaa wetu walikuwa wakitupa taka za nyumbani mtoni, kwa kificho, ingawa tuliwachimbia shimo zuri. Mahali pa shimo nilipachagua mimi: kando ya robineti, ambako kila nyumba huchota maji. Niliweka mabango, nikawatisha watu kwa megafoni, nikaandika ripoti tano. Sababu katika ripoti zote zilikuwa zilezile, uvivu na ujinga. Shimo likabaki tupu mpaka kuku wakataga humo.

Mama Sidonie hakuandika kitu. Alichukua bidoni yake, akapanga foleni ya maji pamoja na akina mama kwa wiki mbili nzima. Nilimcheka, nikasema amejipa likizo. Kisha alisimama mkutanoni mbele ya wote.

“Papa Callixte, muntu akipita na kitunga ya uchafu pale ku robineti, bamama bote banaangalia ndani. Akikula kuku, banajua. Akikosa chakula siku mbili, banajua pia. Ile haya ya kuonekana njo inabapeleka ku mutoni.”

Akaomba tuchimbe shimo jingine nyuma ya migomba, penye njia isiyopita mbele ya macho ya mtu. Nilikubali huku nimenuna. Kabla ya mwezi kwisha mto ulikuwa safi, na mtaa mzima ukawa unasema shimo la Mama Sidonie. Lile tupu bado wanaliita la Callixte. Nakiri kwamba nilimwonea wivu mkali. Miaka sita nimejiuliza kwa nini alijua yeye, nisijue mimi.

Ijumaa iliyopita, alipokuja kukabidhi koleo na buti, aliniita pembeni akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na ukurasa wa rasimu ya ripoti yangu, mwandiko wangu mwenyewe, neno “uvivu” nimelipigia mstari. Karatasi ilikuwa na madoa ya maji ya viazi.

“Niliiokota ku mutoni, mu maganda ya ku nyumba yenu,” aliniambia polepole. “Nikawaza, kama bibi ya chef anatupa huku, basi haiko uvivu ao ujinga. Njo nikaenda kusikiliza ku robineti.”

Nilipofika nyumbani nilimwuliza mke wangu, Verdiane. Hakukana. Alisema kwamba siku zile tulikuwa tunakula viazi vitupu, na hakutaka foleni nzima ijue mkuu wa usafi anakula nini.

Angeitoa karatasi ile mkutanoni, ningekuwa kichekesho cha Mushaki yote, na kazi yangu ingekuwa imekwisha. Aliikausha, akaitunza, akanyamaza. Nilidhani wivu wangu ungeondoka pamoja naye. Kumbe umezidi, kwa sababu mimi nisingeweza kunyamaza hata siku moja.

Mama Sidonie, ofisi yote inakushukuru. Rudi Ngungu kwa amani, mashamba yakuzalie, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Karatasi nimeitundika ukutani, juu ya meza yangu. Kila anayeuliza madoa yale ni ya nini, ninamweleza.