Unga wa Kuku Nilioupika

Bamama na bababa wa kikundi, nawasalimu kwa jina la Bwana, na wale wa Misa nawasalimu pia, msije mkasema nimewasahau. Mwenyekiti amenipa dakika chache. Ananijua, ndiyo maana ameketi karibu, anivute nguo nikizidisha.

Nimesimama kwa sababu ya boksi lile pale mlangoni. Mnasikia vifaranga wanavyolia. Kuna siku nilikuwa na hakika kwamba boksi hilo halitafika hapa.

Desturi yetu mnaijua. Kikundi chetu cha wakimbizi kinampa mtu boksi la vifaranga wa kuku wa nyama, anawafuga, anawauza, kisha yeye ndiye anayemletea boksi anayefuata kwenye mstari. Aliyenifuata mimi ni mama mmoja Mrundi. Simtaji jina, lakini yupo, na ananitazama. Kabla vifaranga wangu hawajaota manyoya, yeye alikuwa amekwisha kukandika kibanda chake cha kuku. Kila akipita kwenda kuchota maji ananiuliza, "Watoto wetu wameamkaje?" Watoto wetu! Na mimi najibu, "Wazima."

Hawakuwa wazima.

Mwanzoni niliwalisha chakula cha dukani. Baadaye mahindi yakawa adimu, chakula hicho kikapanda bei, nikajifanya mjanja. Nikaleta pumba kutoka kwenye kinu kule Rugaaga, nikaongeza mashudu ya alizeti, nikawajazia. Ndugu zangu, nawaambia, walikula! Asubuhi wanakula, mchana wanakula, na kifua kimebaki mfupa. Walichokula kilitoka vilevile kilivyoingia, ila sasa ni majimaji na kinanata. Maranda ya chini yakalowa, miguu yao ikatoka vidonda. Kuku kumi na mmoja nikawazika. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, akasema, "Mama, hii harufu itatufukuzisha mu hii fasi, na tulishafukuzwa mara mingi."

Kuuliza watu sikutaka. Nilikulia kwenye mifugo kule Kivu, nani anifundishe kuku? Hicho ndicho kilikuwa kiburi changu.

Sasa sikieni niliyoyafanya, maana ushuhuda wa nusu si ushuhuda. Wajumbe wa kikundi walipokuja kukagua, niliwafunika kuku dhaifu kwa mabeseni jikoni, nikawaonyesha wachache wenye afadhali. Mama Mrundi alikuwa pamoja nao. Alipiga makofi kwa furaha. Nilitamani ardhi inimeze.

Kulikuwa na mke wa askari kwenye kambi ya jeshi ya Makenke aliyeahidi kununua kuku wangu kwa sherehe ya binti yake. Nikampelekea mmoja wa kuonja, yule aliyenenepa kuliko wote. Akamnyanyua kwa vidole viwili. "Mama, hii kuku yako, nyama iko wapi? Umeniletea manyoya tu." Lakini hakunifukuza. Akanielekeza kwenye duka la dawa za mifugo mjini Mbarara, kwa nyabo mmoja, ndivyo wanavyomwita bibi huku, mtu mzima anayeijua kazi hii.

Yule nyabo aliniuliza nawalisha nini, nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Kuku haina tumbo ya ng'ombe. Hiyo pumba iko na nyuzi mingi, tumbo yake haiwezi kuvunja. Chukua hii enzaimu, itasaidia kuvunja. Lakini usidanganyike, si chakula. Punguza pumba, weka soya na mukene." Mukene ni zile dagaa zao. Akanipa kopo la unga mweupe. Wenye kusoma wanauita kimeng'enya, mimi nyumbani niliuita unga wa tumbo.

Basi nikafika nyumbani na unga wangu. Na sisi mnatujua, bamama. Sisi tunapika! Kitu kibichi hakiingii kinywani mwa mtoto wetu. Nikawaza, kama unga huu unalainisha pumba, moto utailainisha zaidi. Nikabandika sufuria kubwa, pumba ikachemka, nikatia unga, nikasonga kwa mwiko mpaka jasho likanitoka. Juma zima! Mume wangu akawa anachungulia sufuria. "Sasa weye, kuku banakula bugali muzuri kuliko siye?"

Kuku hawakubadilika hata kidogo. Nikapandwa na hasira, nikarudi Mbarara kugombana. Nilipiga kelele mle dukani mpaka wateja wakatoka nje. Nyabo akaniacha nimalize.

"Unaiweka namna gani?"

"Naipika vizuri."

"Unapika?"

"Mpaka inachemka!"

Akaketi juu ya gunia, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Nyabo, umeiua. Hii kitu haitaki moto. Ikichemka inabaki unga tu. Inafanya kazi ndani ya kuku, si ndani ya sufuria."

Nami nikacheka, ndugu zangu. Nilikuwa sijacheka siku nyingi. Akanionyesha: kijiko cha unga unakichanganya kwanza na konzi ya chakula kikavu, kisha beseni, kisha rundo lote juu ya turubai, unageuza na kugeuza, ili kila kuku apate. Na safari hii pumba nikaipunguza kweli, nikatia soya na mukene.

Siku ya nne niliingia bandani nikashika maranda. Makavu. Nikamwita mume wangu aje anuse. Akanusa huku na huku, akasema, "Hakuna kitu." Nililia palepale, kwa raha.

Siku hiyohiyo nikamfuata mama Mrundi, nikamwambia habari ya mabeseni. Akasema, "Nilijua. Mimi napita pale kila siku, na pua ninayo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja useme weye."

Kuku wangu walichelewa kuliko wa wenzangu, lakini walijaa. Yule mama wa Makenke safari hii alishika kwa mikono miwili.

Aksanti kwake kwa kuniambia ukweli usoni. Aksanti kwa nyabo wa duka. Aksanti kwa mume wangu na pua yake. Na Mungu, aliyenishusha kichwa bila kunivunja shingo, apewe sifa. Fundisho langu ni dogo: ukiuliza mapema utachekwa mara moja tu. Mimi nilizika kumi na mmoja kwanza.

Sasa mama, simama, uje uchukue boksi lako. Kopo la unga liko juu yake, na sufuria yako iache jikoni. Kesho zamu ni yangu. Nitapita kwako na jerikeni nikuulize, "Watoto wetu wameamkaje?" Na kama hawajaamka vizuri, uniambie.