Aliyemsemesha Kipemba Nahodha wa Angani

Bismillahi. Haya ni maisha ya marehemu Ashraf Khatib Soud, yakisomwa na ami yake, Nyange Soud, katika hitma yake, Konde, Pemba.

Mtakayoyasikia hapa hakuna atakayeyaamini, na huyu ami mtu leo kachoka, hana nguvu za kumbembeleza yeyote aamini. Kaeni tu msikilize.

Ashraf alizaliwa Msuka tarehe 9 Februari 1984, mtoto wa pili wa marehemu Khatib Soud na Bi Kijakazi. Alilia kwa sauti nene hata mkunga akauliza mwanamme gani kaingia chumbani. Hayo ni maneno ya ami yake. Bi Kijakazi hajayakubali hadi leo.

Alihitimu Qur'ani chuoni hapo Msuka, kisha akasoma skuli hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka 2002. Kiingereza alikipata redioni zaidi kuliko darasani, lakini alikipata kweli. Ami yake, aliyeishia darasa la sita, hupenda kusema kuwa ndiye aliyemfundisha.

Alianza kazi kwa kutengeneza redio hapa Konde. Umeme wa kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010, akafungua chumba cha gemu nyuma ya soko. Wenzake waliweka mpira. Yeye aliweka gemu za ile filamu ya chombo cha angani, ambayo vijana waliiita Safina, na kila lilipotoka gemu jipya alilitafuta. Za kunakili hakuzitaka hata za bure. Alitaka zilizotengenezwa kwa ruhusa ya wenye filamu, zenye karatasi inayong'aa mgongoni mwa boksi, na jamaa walioko Maskati walichoka kutumwa. Alisema hadithi ya mtu haichukuliwi bila ya idhini yake.

Tabu ilikuwa lugha. Watu wa Safina walisema Kiingereza, na vijana walipotea angani hawajui waende wapi. Basi Ashraf akapunguza sauti ya televisheni, akasimama nyuma yao, akawasemea watu wote wa Safina kwa Kipemba. Nahodha wa Safina akawa mzee wa Msuka. Kabla ya vita aliwauliza askari wake kama wamekula. Ikiadhiniwa alisema, "Wanangu, simamisheni chombo, tukasali," na gemu likasimamishwa kweli, chumba kizima kikaenda msikitini.

Mwaka 2012 vijana wa Msuka walikwenda Wete, wakaikuta filamu yenyewe kwenye banda la video. Nahodha akafungua mdomo, akatoa Kiingereza. Vijana wakasimama wakamwambia mwenye banda kuwa filamu yake feki, nahodha wa kweli wanamjua, Mpemba. Ugomvi ulikuwa mkubwa hata Ashraf akapanda gari mwenyewe kwenda kuomba radhi. Aliwaeleza vijana mbele ya watu kuwa filamu ile ndiyo ya asili, yeye muigaji tu. Nusu yao hawakumwamini. Akarudi Konde kanyong'onyea, akasema kubeba sifa ya mtu mwengine kunachosha kuliko kubeba gunia.

Tarehe 15 Agosti 2014 alimuoa Bi Mwanawema wa Chokocho. Bibi huyu alikuja kwenye duka lile la gemu kumvuta mdogo wake sikio, akasikia nahodha anavyosema, akasahau sikio. Aliuliza kwa nini Safina nzima isiwe na mtu hata mmoja wa kusini. Kuanzia siku ile daktari wa Safina alisema kama watu wa Chokocho, na posa ikafuata.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Kwa miaka mitatu alipanda boti kwenda Unguja kusafishwa damu, akarudi, akalala, akapanda tena. Mwanawema alimfuata kila safari, na waliokuja kuwatizama walijua wote wawili wanaumwa. Hata hivyo alitandikiwa mkeka mle dukani, akamsemea nahodha akiwa kalala. Sauti ilipopungua, vijana walizima feni ili wamsikie.

Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 16 Julai 2025, alfajiri, akazikwa Msuka baada ya sala ya alasiri. Ameacha mama yake, Bi Kijakazi; mjane wake, Bi Mwanawema; watoto wawili, Nusaiba na Abdulsamad; na ami mmoja mwenye mdomo. Mola amghufirie, ampe raha aliyoikosa miaka yote hii mitatu.

Limebaki moja. Karibu na mwisho alimwita ami yake, akamtaka aandike maisha haya mapema na amsomee pale pale mkekani, angali na masikio. Aliogopa, kwa sababu kasikia hitma nyingi, na kila maiti kasifiwa kwa asiyoyafanya. Ami akaandika. Jioni moja akakaa kitako akasoma, na alipofika kwenye mambo ya kazi akaivimbisha sauti:

"Habari zake zikafika Japani kwa wenye gemu. Wakapanda ndege, wakashuka Chake, wakaja hadi Konde kumpigia magoti, wakimuomba sauti yake iingizwe kwenye gemu jipya, na marehemu akawaj—"

"Ami." Macho kayafumba, na sauti ni ile ile ya nahodha. "Futa hapo. Huko niendako nitaulizwa mimi, si wewe."