Wimbo wa Kuchomea Pilipili

Septemba ikiingia, mji mzima wa Leskovac hunukia pilipili hoho za kuchoma. Uani kwa Vitomir wanawake huwasha majiko ya bati, huchoma, humenya, husaga na kukaanga rojo lake liitwalo ajvar, la kutia chupani liliwe majira ya baridi; wanaume hukaa kwenye benchi chini ya dirisha lake, wanywe kahawa na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Benchi lina wenyewe. Kuna Profesa, ambaye hajafundisha hata kuku, ila magazeti ameyasoma. Kuna Balozi, aliyefanya kazi kiwandani Ujerumani akarudi na kitambi na mifano. Na kuna Vitomir mwenyewe, wanayemwita Fyuzi, kwa kuwa umeme ukikatika ngazini mwa jengo lao la ghorofa ni yeye anayegongewa mlango. Mwaka huu Fyuzi alikuwa amebanwa kwelikweli. Mkewe, Stojanka, alishamwambia wazi: gunia la mwisho la pilipili likiisha kumenywa na zile spika zake mbili kubwa bado bubu, zinatoka, na chupa za ajvar zinapangwa mahali pake. Gunia la mwisho lilikuwa limefunguliwa asubuhi ile.

— Haya, kiko wapi hicho kidude? — akauliza Balozi, Fyuzi akimmiminia kahawa kutoka kwenye kijungu cha mkono mrefu.

— Kile pale, juu ya amplifaya.

Wakainuka kidogo wakachungulia dirishani. Kilikuwa kadiri ya kipande cha sabuni, na kitaa cha kijani kinawaka.

— Hicho ndicho kitakachoyaimbisha yale makabati ya spika?

— Hichohicho. Na bei yake haifiki gunia la pilipili. Kinashika muziki wa mtandao kwa waifai ya nyumbani, kinaupa amplifaya, amplifaya inazipa spika. Simu ni ya kuchagulia tu.

— Bila waya?

— Bila waya. Isipokuwa ule mmoja wa nyuma, unaoingia kwenye amplifaya.

— Ahaa! — Profesa akajipiga paja. — Si nilisema? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni! Ndiyo maana yake hiyo. Kitu kikijidai hakina waya, wewe kipapase tu, utaukuta.

— Jana lakini kilinguruma, — akasema Balozi. — Mke wangu alidhani tangi la maji moto limepasuka.

— Nilikichomeka tundu la gramafoni.

— Sasa ulitaka ukichomeke wapi? Muziki kwao ni gramafoni!

— Ndipo nilipokosea, bwana. Sindano ya gramafoni inanong'ona, kwa hiyo tundu lile hukuza sauti kupita kiasi. Hiki kidude hakinong'oni. Leo nimekihamishia tundu la kaseti, lile la duara lenye vishimo vitano. Waya wa kulingana nalo nimeusaka sokoni hadi nikaupata. Nikajaribu taarifa ya habari. Msomaji kama amekaa mezani kwangu!

— Habari! — Profesa akacheka kwa dharau. — Habari ni maneno matupu, mepesi, yanaelea. Muziki una tarumbeta ndani. Hebu niambie, Fyuzi, tarumbeta inapitaje ukutani?

— Kwa mlango, — akasema Balozi. — Hapana, msicheke. Kule Ujerumani jirani yangu Helmut alifunga kitu kama hiki. Wimbo ukatoka kwake vizuri tu, ukafika ukutani, ukakwama. Mpaka leo ukiweka sikio kwenye ule ukuta...

— Unaimba?

— Unaguna.

— Acha fiksi, Balozi!

— Waulize Wajerumani.

— Ukuta si kitu, — Profesa akamkatiza. — Mimi naogopa huu moshi. Waifai inasafiri hewani, au siyo? Na hewa ya leo ni pilipili tupu. Dalili ya mvua ni mawingu! Wimbo utaingia mzima, utatoka unapiga chafya.

— Utakuwa umekuja mahali pake, hapa sote tunapiga chafya, — akasema Fyuzi.

— Cheka tu. Na jengo zima lina waifai. Zikikutana ngazini je? Unaagiza wimbo wa harusi, unaletewa wa mazishi wa yule bwana wa ghorofa ya pili. Halafu naye kule msibani kwake, watu wanaanza kucheza!

— Mtasema mchana kutwa, — akajibu Fyuzi, akaweka kikombe chini. — Maji nimeshayavulia nguo. Leo spika zile zitaimba, na zitaanza na wimbo wa Stojanka.

Wimbo wenyewe waliujua wote. Stojanka aliunasa redioni walipokuwa maharusi wapya, kinasa sauti kakishikilia mbele ya redio ya jikoni, na tangu hapo kila Septemba Fyuzi alikuwa akizigeuzia spika dirishani, kaseti ikalia, naye Stojanka akageuza pilipili huku akiimba. Jirani walisema ajvar yake ina ladha ya sauti. Kisha, Septemba ya mwaka juzi, mashine ikautafuna mkanda. Stojanka alicheka akasema, "Ni kaseti tu." Lakini hakuimba tena. Misimu miwili alichoma kimya kama mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa, na Fyuzi, kila alipomtazama kutoka benchini, aliumia moyo. Chupa za ajvar zingeweza kukaa hata kitandani kwake. Hilo lilikuwa dogo. Alitaka kumsikia mkewe.

Akaja Senka, mpangaji mpya wa ghorofa ya tatu, na kisu chake cha kumenyea mkononi.

— Habari za mchana, majirani. Mbona mmekaa kama baraza la vita?

— Tunaleta muziki, binti, — akasema Balozi. — Humu ndani sasa mna nyimbo zote za dunia.

— Haya Fyuzi, maneno yametosha, — akasema Profesa. — Bonyeza, tusikie tarumbeta inavyokwama.

Fyuzi akaitoa simu, akaiweka mbali na macho, akaiweka karibu, mwisho akampa Senka.

— Niandikie wewe, mwanangu. Sina miwani.

— Niandike nini? Wimbo unaitwaje?

Fyuzi akamtazama Balozi. Balozi akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe chake.

— Unaitwa... si ule wa Stojanka!

— Ameimba nani?

— Mwanamke, — akasema Profesa.

— Mwanamume, — akasema Balozi. — Ila mwembamba.

— Kwenye kaseti palikuwa pameandikwa nini?

— "Pilipili", — akasema Fyuzi kwa sauti ya chini. — Aliandika hivyo kwa sababu ni wa kuchomea pilipili.

Senka akaandika. Simu ikaleta wimbo wa watoto wa kunawa mikono.

— Kwa nini msimwulize mwenyewe?

— Nikimwuliza atasema ni kaseti tu, — akajibu Fyuzi. — Siwezi kulisikia tena neno hilo.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Balozi aliinamisha kijungu, yakatoka machicha matupu. Lakini Fyuzi hakuinuka.

— Hakuna njia nyingine? — akauliza.

— Ipo, — akasema Senka. — Mnaimba, simu inasikiliza, inautafuta.

— Penye wazee hapaharibiki jambo! — akasema Profesa, akaanza.

Kikaharibika kila kitu. Profesa alishika wimbo kwa juu, Balozi akaukamata kwa chini kama anayebeba kabati, na Fyuzi, uso umemwiva, akaguna katikati yao kwa macho yaliyofumbwa. Simu ikafikiri. *Haukupatikana.*

— Tena! — akasema Fyuzi.

*Haukupatikana.*

— Tena!

— Nani anachinjwa huko? — sauti ikatoka kwenye majiko.

Stojanka alikuwa anakuja, koleo mkononi, masizi kwenye paji la uso. Akasimama mbele ya benchi akawatazama wazee watatu.

— Si hivyo. Hapo katikati haushuki. Unapanda.

— Unapandaje, shemeji? — akauliza Balozi.

— Hivi.

Akauimba. Mwanzoni kidogo tu, kama anayemwelekeza mtu njia, kisha hakuishia pale walipokosea. Akaendelea, koleo likigonga ukingo wa benchi, mpaka wanawake kwenye majiko wakaacha kuzungumza na pilipili moja ikaungua bila kugeuzwa. Mikononi mwa Senka simu ikatikisika. Jina la wimbo likatokea, na la mwimbaji. Senka akainua uso akicheka, akataka kusema.

Fyuzi akaichukua simu mkononi mwa Senka taratibu, akailaza kifudifudi juu ya paja lake, akaifunika kwa kiganja.

— Imeupata? — akauliza Stojanka.

— Bado, — akasema Fyuzi. — Mashine haikusikia vizuri. Hebu rudia, mke wangu. Tangu mwanzo.