Mlango wa Mzee Kishindo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wa vishindo katika idara yetu ya michezo ya redio, ambaye sote tunamwita Mzee Kishindo, anastaafu leo Ijumaa. Ofisi imeniagiza niandike maneno ya kumuaga kwenye kijitabu cha sherehe, kwa ufupi na kwa furaha. Ufupi nitajitahidi. Furaha sina, nimekasirika.

Milango yote mliyoisikia ikifungwa kwenye michezo yetu ni mlango wake mmoja mdogo, aliouunda mwenyewe na kuusimamisha kwenye fremu studioni. Mvua ilikuwa mchele kwenye sinia. Mtu anayekimbia ni viatu vyake vikuukuu ndani ya sanduku la kokoto. Na kabla ya kurekodi, jamani, alikuwa dikteta! Bawaba alizitia mafuta kila asubuhi, mchele aliupepeta, na mwigizaji aliyekuja na bangili zinazolia alitolewa nje mbio. Nami alinitoa.

Lakini taa nyekundu ikishawaka, karatasi haitazami tena, anatutazama sisi midomoni. Kuna mchezo nilikuwa mjane anayefukuzwa na shemeji zake. Karatasi ilisema niseme kwaheri, kisha mlango ubamizwe. Nilipofika pale nikalia kweli, kwaheri haikutoka. Mwongozaji akawa anapunga mikono kama anayefukuza nyuki. Mzee Kishindo akanisubiri. Kisha akaufunga ule mlango taratibu, likasikika komeo tu. Wasikilizaji walipiga simu wakilia, na mwongozaji akapokea pongezi bila haya. Mzee alituambia baadaye kwamba ni yale mafuta ya asubuhi yaliyomwezesha kubadili mawazo, maana mlango unaokwama haukupi nafasi ya kuchagua.

Sasa tumeletewa mashine. Wakubwa wanaisifu kwamba haichelewi. Si ndilo tatizo lenyewe! Kitufe kinabonyezwa, mlango unabamizwa, uwe umemaliza kulia au hujamaliza. Siku hizi sisi ndio tunaokimbizana na mlango. Chumba chake kimegeuzwa stoo, hakuna aliyechukuliwa kurithi kazi yake, na ule mlango nimeukuta umetupwa nyuma ya vyoo. Mtu mzima kama yule, hata kuulizwa kama anautaka hakuulizwa! Inauma.

Halafu nikaiona ratiba ya sherehe. Kwa kuwa tunarushwa hewani moja kwa moja, baada ya hotuba ya mkurugenzi makofi yatatoka kwenye mashine, ili yaanze na kuisha kwa wakati. Makofi ya mashine! Kwa mtu huyu!

Basi mkiwa mnasoma haya, waya wa mashine nimeshauchomoa. Uko kwenye mkoba wangu, na mkoba sitoi.

Mzee Kishindo, asante kwa kunisubiri siku ile. Mlango wako uko nyumbani kwako, mama watoto ameupokea. Nenda kapumzike, ucheze na wajukuu, na afya iwe tele. Nanyi mlioketi ukumbini, pigeni makofi yenu wenyewe, na asiwaambie mtu muda wa kuacha.