Stellah Munyiva na Mlango wa Nyumba ya Mwaitu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Bi. Stellah Munyiva atastaafu kazi ya kutunza nyumba za jadi katika makumbusho yetu ya wazi, hapa mteremkoni kati ya Loresho na Kinoo. Ofisi imeniomba niandike mambo ya kufurahisha, yafaayo kusomwa watu wakila keki. Yapo, na nitayaandika. Lakini liko jambo moja ambalo nimeombwa nilipitie juujuu, na hilo sitalipitia juujuu.

Stellah aliletwa hapa na mama yake. Makumbusho yalipokuwa yakijengwa, mafundi na akina mama kutoka Mwingi waliitwa kuja kusimamisha nyumba ya Wakamba. Miongoni mwao alikuwa Bi. Kanyiva, aliyefika na mizigo ya nyasi na binti yake wa kumsaidia kuezeka. Kazi ilipokwisha, wenzao walirudi kwao. Binti akabaki kuitunza nyumba, na hakuondoka tena. Tunaiita Nyumba ya Mwaitu, yaani nyumba ya mama.

Kila aliyefanya kazi naye ameonja ukali wake. Mgeni akisema "kibanda", Stellah humjibu kwa adabu kwamba kibanda ni cha kuuzia sukumawiki, hapa ni nyumbani kwa watu. Mvua za El Niño zilipotushambulia, ukuta wa nyumba ya Waluo ulianza kuinama. Alivua viatu akaingia matopeni pamoja nasi, akitugombeza kwa Kikamba kila tuliposhika mti vibaya. Ukuta haukuanguka. Maneno yale aliyaelewa mtunzaji mwenzetu Musili peke yake, na mpaka leo amekataa kututafsiria.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku ya Jamhuri, mwaka juzi, Stellah aliomba ruhusa. Hakuitaka akapumzike, alitaka kuja hapa hapa kama mgeni, pamoja na familia yake. Walipanga foleni langoni kama watu wengine: yeye, mumewe Bw. Kitavi, watoto, wajukuu waliobeba chapati na chupa ya chai, na Bi. Kanyiva mwenyewe, aliyeletwa kutoka Mwingi akiwa amevuka miaka themanini. Mama huyo hakuwa ameiona nyumba ile tangu alipomaliza kuiezeka. Walitembea polepole kutoka boma moja hadi jingine, mama akisimama kila mahali kukagua paa za wenzake, na wajukuu wakicheka.

Walipofika kwenye nyumba yake, walikuta kamba imefungwa mlangoni. Kampuni moja ilikuwa imekodi uwanja kwa sherehe ya mwisho wa mwaka, na ndani ya nyumba, juu ya kitanda cha fito, yalikuwa yamepangwa makreti ya bia. Nilikuwa pale, nimevaa sare, na niliyasikia yote.

"Mama, hii nyumba imebukiwa leo," alisema Norman, msimamizi wetu wa matukio. "Wageni wa kawaida wanapitia kule nyuma, karibu na vyoo."

"Huyu si mgeni wa kawaida," Stellah alimwambia. "Huyu ndiye aliyeiezeka."

"Hiyo mimi sijui. Na wewe Stellah, si leo uko ofu? Usiniharibie kazi."

Bi. Kanyiva, ambaye Kiswahili kilimpiga chenga, alimuuliza binti yake wanazungumza nini. Stellah alinigeukia. Sijawahi kumwona na uso kama ule. "Musembi," aliniambia, "nitamtafsiria nini mama yangu? Kwamba nyumba yake imefanywa stoo ya pombe?"

Kisha akamtafsiria, neno kwa neno. Stellah akainua ile kamba, akachukua kigoda kilichokuwa kando ya mlango, akamkalisha mama yake kizingitini, naye akaketi chini kando yake. Bw. Kitavi akaketi. Wajukuu wakaketi, chapati zikafunguliwa. Wahudumu waliotumwa kuchukua bia walisimama na trei tupu, hawana pa kupita.

Norman alimpigia simu huyu na yule. Wakati huo familia moja kutoka Parklands ilikuwa imefika, Bw. Twahir na mkewe Bi. Zainab na watoto wao, wakauliza kuna nini. Walipoelezwa, Bi. Zainab alitandika leso yake majanini.

"Basi nasi twakaa hapa," alisema. "Mama wa watu hapitishwi chooni."

Familia nyingine zikafuata, hadi ua ukajaa. Mwishowe wahudumu wenyewe walisema watayatoa makreti. Stellah alisimama mara moja tu, kuipisha bia itoke.

Ndipo Bi. Kanyiva alipoingia. Alikaa juu ya kitanda, akapapasa fito, akatazama juu kwa muda mrefu. Alisema kwa Kikamba, kama Stellah alivyotutafsiria baadaye, kwamba nyasi za upande wa mvua si zake, zimebadilishwa, na akauliza ni nani aliyezifunga.

"Ni mimi, mwaitu," alisema Stellah.

"Umefunga vizuri," mama akamjibu.

Kwa kosa la siku hiyo Stellah alisimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Nasi watunzaji wote tulikataa kufungua mlango wa nyumba yoyote hadi arudi. Alirudi, na bodi ikapiga marufuku kukodisha nyumba kwa vinywaji na karamu. Wakubwa huutaja uamuzi huo kana kwamba waliuota wenyewe. Uliletwa na Stellah, akiwa amekaa chini.

Bi. Kanyiva alifariki miezi mitatu baadaye. Hakuwahi kuja tena. Katika uhai wake wote aliitembelea kazi ya mikono yake mara moja, nasi tukamwonyesha njia ya vyooni. Hakuna aliyemwomba radhi alipokuwa hai, na keki ya wiki hii, hata ikiwa na ghorofa tatu, haitafanya kazi hiyo.

Stellah, tunakushukuru kwa paa, kwa kuta, na kwa kutugombeza. Pumzika Kinoo na Bw. Kitavi, ulale hadi jua lichomoze, ule ulichopikiwa na wengine. Tunakuombea uzee mtamu na afya njema. Na hasira yako usiipoze kwa ajili yetu, hatujastahili bado.

Musembi, fundi wa paa, kwa niaba ya watunzaji wote