Mtu wa Kunisimamia

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui.

FUNDI: Mimi, Mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, baba. Mbona sauti kama inatoka kisimani? Cherehani imelala leo?

FUNDI: Nimefunga. Niko hospitali, nimelazwa. Simu ya kuazima hii, vocha yenyewe kidogo—

MAMA: Hospitali! Ni vile vipele vyekundu? Si uliniambia ni sindano zinakuchoma?

FUNDI: Vimekuwa vinundu, vinatoka damu. Na homa juu yake. Wateja hawataki niwapime tena, Mama. Wananiachia nguo ya mfano mlangoni, haoo.

MAMA: Washenzi wakubwa! Daktari kasemaje?

FUNDI: Wamekata kinundu kimoja, wakakipima. Ni bakteria. Paka wangu anawapata kwa viroboto, akinikwaruza wananiingia.

MAMA: Paka? (Anacheka.) Sisi wote tumekwaruzwa na paka, nani alilazwa? Kwa nini wewe tu?

(Mtandao unakwaruza.)

MAMA: Haloo? Umepotea?

FUNDI: Nipo... Anasema ni nadra. Huwapata hivi wale ambao kinga yao... imeshuka.

MAMA: Imeshuka kwa—

FUNDI: Mama.

MAMA: Tangu lini?

FUNDI: Miaka sasa. Nilikuwa nameza dawa zangu, mzima kabisa.

MAMA: Ulikuwa? Ukaacha?

FUNDI: Nilikuwa nazificha.

MAMA: Umfiche nani, na unaishi na paka!

FUNDI: Ulipokuja kunitembelea. Chumba kimoja, wewe unakunjua kila nguo, unafunua kila kopo. Nikazitupa. Ulipoondoka... nikaona aibu kurudi kliniki.

MAMA: Mimi.

FUNDI: Mama, sikulaumu—

MAMA: Hebu nyamaza kwanza. Inatibika?

FUNDI: Hawa bakteria wanatibika, vidonge vya miezi. Na zile za kila siku nianze upya. Ila daktari anataka mtu wa kunisimamia. Nikamwambia sina mtu.

MAMA: Ulimwambia nini?

FUNDI: Kwamba sina—

MAMA: We mtoto! Nimekuzaa, niko hai, nina miguu miwili, unamwambia daktari wa watu huna mtu? Mwite sasa hivi umwambie una—

(Mlio. Simu imekatika.)

FUNDI: Haloo? Mama?... Malizia basi. Nina nani?