Nilivyofungwa Nira Kwenye Jiwe la Nassa

Bwana asifiwe, ninyi mnaosoma na ninyi mnaosomewa!

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka kumi na mitano, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Nilikaa juu ya lori la pamba kule Mwamapalala, juu kabisa ya magunia, najidai mbele ya wasichana. Lori likaingia kwenye korongo, mimi nikaja chini kama gunia. Mguu ukavunjika mara mbili. Shule yangu ikaishia darasa la tatu. Kwa hiyo mkiona herufi zimepinda, zisomeni hivyo hivyo, mkono ni wangu mwenyewe.

Mguu ulipona. Woga haukupona. Tangu siku ile, ndugu zangu, hata kiti nilikuwa sipandi. Nilikuja Bariadi na jembe moja. Nikalima vibarua, nikapata maksai wawili, nikalimia watu mashamba yao, nikajenga. Hakuna aliyenisaidia, nasema wazi. Lakini nyumba yangu ikivuja nilikuwa naita fundi, na akiwa juu mimi naangalia pembeni. Siku moja niliitwa ofisini kusaini fomu, ghorofa ya kwanza tu. Nikatuma ujumbe karani ashuke, eti mimi ni mzee. Akashuka! Watu wakasema huyu mzee ana heshima. Kumbe ni mwoga tu.

Siri hiyo niliificha miaka arobaini na zaidi. Hata mke wangu, mama Kulwa, hakuijua. Au ndivyo nilivyodhani.

Halafu mama Kulwa akaugua. Alilala wiki tatu hali chakula, nikaona nabaki peke yangu. Nikaweka nadhiri: Bwana, akipona, nitatembea kwa miguu mpaka kwenye msalaba ule wa hija kule Nassa, kando ya ziwa, nitaugusa kwa mkono wangu huu. Sikuuliza msalaba umesimama wapi. Mimi ninayekagua meno ya kila ng'ombe mnadani, nadhiri hiyo niliinunua bila kuifungua mdomo!

Akapona! Bwana asifiwe tena!

Mwaka jana, baada ya mavuno, kigango chetu kikatoka Bariadi kwa hija. Watu kama arobaini, siku nne za kutembea. Mama Kulwa naye akaja, na mdogo wake Masunga, shemeji yangu mwenye mdomo. Kutembea siogopi. Nilikuwa mbele na makatambuga yangu ya tairi, nawacheka vijana wenye raba waliotoka malengelenge.

Siku ya nne tukafika. Ndugu zangu, ni jiwe! Jiwe kubwa kama mtaa, na msalaba uko kileleni. Njia inazunguka ubavuni, upana wake ni wa watu wawili waliobanana. Kulia ukuta wa jiwe. Kushoto hakuna kitu.

Nikainama kufunga katambuga. Wakapita watu kumi. Nikalifungua, nikalifunga tena. Masunga akaniona.

"Shemeji, hicho kiatu au mlango wa benki? Mbona unafunga mara tatu?"

Watu wakacheka. Kiburi kikanisukuma, nikapanda. Hatua ishirini hivi, nikatupa jicho kushoto. Basi. Nikakaa chini, nikalikumbatia jiwe. Nyuma yangu watu wamekwama, mbele wameondoka. Bibi mmoja wa kutoka Shishiyu akapaza sauti, "Mzee, panda au shuka, sisi huku tunaiva kama viazi!"

Nikajua nikishuka, nadhiri imevunjika. Bwana alinipa mke, mimi nashindwa kumpa hatua mia mbili. Ndipo neno likanitoka, sikulipanga. Nikasema, "Naogopa." Mbele ya watu wote. "Naogopa kwenda juu tangu nikiwa mtoto."

Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Mama Kulwa akarudi kutoka mbele, akachuchumaa karibu yangu.

"Baba Kulwa, ng'ombe mwoga unamfundishaje plau?"

"Namfunga nira na Dereva."

Dereva ni maksai wangu mzee. Hashtuki hata kwa radi. Ng'ombe mchanga ukimfunga naye, anatulia.

"Haya," akasema, "leo Dereva ni mimi. Inuka. Wewe tembea ndani ya mfereji, upande wa ukuta, mimi nitatembea nje."

Akafungua kitenge chake cha kujifunikia, akatufunga kiunoni wote wawili. Akasimama kushoto, upande ule usio na kitu. Mtu aliyekuwa mahututi! Nikamuuliza, "Kwani ulijua?" Akasema, "Miaka thelathini nyumba yetu haina ngazi, ulifikiri nadhani zimeisha mjini?"

Masunga akashika nafasi ya mlimaji nyuma yetu, akapiga mluzi. "Nyoosha mstari, shemeji! Usile majani ya watu!" Hapo nikacheka, na watu wote wakacheka, wakaanza kuimba. Tukaenda. Ng'ombe haangalii mwisho wa shamba. Anaangalia hatua ya mbele na kumsikia mwenzake anapumua. Nami nilifanya hivyo. Nilimsikia mama Kulwa anapumua, na kila pumzi nilisema asante, maana ndiyo niliyoiomba.

Nikaugusa msalaba! Kwa mkono huu! Nikaliona ziwa lote, nikalia kama ndama. Bibi wa Shishiyu akanipiga mgongoni, "Wabeja, asante mzee, na sisi tumefika sasa."

Nisidanganye mbele za Bwana: wakati wa kushuka nilikataa kufunguliwa. Woga bado upo, umepungua. Kilichokwisha kabisa ni kuuficha.

Wewe mzee mwenzangu unayefunga kiatu mara tatu, nakuambia bila kukuzungusha: sema. Bwana akikuletea nira, usichague nani wa kufungwa naye. Ingia, utembee. Mtegemee Bwana, hajaniangusha.

Leo nina ng'ombe thelathini na wanne. Maksai sita, Dereva yumo. Plau tatu. Ekari kumi na mbili za pamba na mahindi. Nyumba ya bati, vyumba vinne. Mke mmoja, mzima. Na ngazi moja ya miti, nimeitengeneza mwenyewe, iko ukutani. Jumamosi iliyopita niliziba bati linalovuja. Mama Kulwa aliishika chini.